Siku moja maishani mwangu: afisa mifugo wa kata, Kilolo

Saa kumi na moja na nusu niko macho, baridi ya Kilolo ni ya kufa mtu na ukungu umejaa mpaka mlangoni. Chai, begi la dawa, koti la mvua, pikipiki. Mpaka saa tatu kuku wa watu wameshapata matone ya chanjo ya kideri, dume limehasiwa, ripoti imeandikwa.

Saa nne simu inaita, mzee mmoja wa bondeni, wanakondoo wake wamepooza. Barabara utelezi mtupu. Nafika, "Kamwene baba", "Kamwene daktari, choma sindano haraka." Sijawagusa hata!

Nawaangalia, wawili, umri kama mwezi hivi, homa hawana, wananyonya vizuri, ila ukiwaswaga kidogo tu kiuno kinayumba, miguu ya nyuma inapishana, mmoja anaanguka kitako huku ya mbele bado inataka kukimbia. Mzee anasema jirani kawapiga, mara kuna mkono wa mtu, mara mwaka jana wengine walichomwa ile dawa ya njano wakapona, hapo namsikiliza tu.

Namwambia baba, nyuzi za fahamu za uti wa mgongo zinavikwa ala ya mafuta inaitwa mayelini, kama ganda la waya wa umeme, bila hiyo taarifa kutoka kwenye ubongo haifiki miguuni inavyotakiwa. Kondoo sehemu kubwa anavikwa akiwa tumboni, ndo maana akizaliwa muda si mrefu kasimama, mtoto wa binadamu kwake kazi kubwa inafanyika baada ya kuzaliwa, anakaa karibu mwaka ndo atembee. Sasa mama akikosa madini ya shaba kwenye mimba, ala haijengeki sawasawa, na dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa. Nahisi ndo hii, na ikishaharibika sindano hairudishi.

"Basi wape shaba wote leo!" Hapana baba, kondoo shaba ikizidi inajikusanya kwenye ini na inaua ghafla. Tumebishana mpaka saa saba, kwa kweli nimechoka, watu wanadhani kazi yetu ni kuchoma na kuchukua hela, kumbe kukataa kuchoma nako ni utaalamu.

Aliyenielewa ni mama mwenye nyumba, kanishikia majike mmoja mmoja nikatoa damu, wenye mimba kaniwekea pembeni, hao ndo bado wana nafasi. Jioni sampuli nimempa konda azifikishe mjini Iringa. Majibu yakija ndo tutajua dozi ya wenye mimba, yule mwanakondoo anayeanguka, hatima yake tutaamua na mama.