Salamu ya getini

Marehemu baba, kule Mombasa, barua isiyo na jina aliipeleka moja kwa moja jikoni. Ikisukumwa chini ya mlango usiku, asubuhi inawashia mkaa. "Mwenye neno aje na uso wake," alikuwa akisema. Nilimkumbuka sana mwaka 2014 nikiwa Birmingham, Uingereza, nilipoona barua ya namna hiyo ikipokewa na serikali nzima.

Ilifika kwa halmashauri ya jiji mwishoni mwa 2013, ikavuja magazetini Machi iliyofuata. Nakala ya kurasa chache, haina mwanzo wala mwisho, ikidai Waislamu wa Birmingham wana njama ya kuziteka shule kwa jina la Farasi wa Troya, yule farasi wa mbao wa hadithi za Wagiriki aliyeficha askari tumboni, na sasa wanamfundisha mwenzao wa Bradford, mji mwingine wa huko, naye afanye vivyo hivyo. Mwanzoni tuliicheka. Ilimtaja mwalimu mkuu mmoja kana kwamba ameng'olewa juzi, kumbe ni mambo ya miaka karibu ishirini nyuma! Kicheko kilikatika waziri wa elimu, Michael Gove, alipomkabidhi uchunguzi Peter Clarke, aliyewahi kuongoza kikosi cha kupambana na ugaidi cha polisi wa London. Wakaguzi nao wakaingia shule 21.

Shule ya mwanangu haikuwamo katika hizo 21. Hata hivyo mchana mmoja wa Mei nilimkuta mwandishi wa habari getini, binti mwenye adabu zake na daftari mkononi. Kina mama tulikuwa wengi, akanijia mimi; nadhani ni buibui. Je, wavulana na wasichana hutenganishwa darasani? Hapana. Watoto hulazimishwa kuswali? Hapana. Akayauliza yale yale kwa maneno mengine, kama mtu anayejaribu funguo tofauti kwenye kufuli moja. Mwishowe nikamuuliza mimi: "Na aliyeiandika mmeshamjua?"

Akasema hilo silo analolifuata. Akafunga daftari.

Hapo ndipo mwanangu, wa miaka minane, alipotoka mbio akipaza sauti kama kawaida yake: "Asalam aleikum, Mama!" Nikamshika mkono kwa nguvu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Hapa usiseme hivyo."

"Kwani nimekosa nini?"

Sikumjibu. Tulitembea mpaka nyumbani kimya.

Kesi ya nidhamu ya walimu viongozi watano, waliotuhumiwa kutokana na sakata hilo, ilivunjika 2017, baada ya kubainika kuwa upande wa mashtaka ulikuwa haukutoa ushahidi uliopasa kutolewa. Kisha Februari 2022 wakaja waandishi wa habari wengine wawili, Brian Reed, Mmarekani, na Hamza Syed, daktari wa Birmingham aliyehamia uandishi wa habari, na podikasti ya sehemu nane iliyoanza na swali langu la getini: nani aliandika? Wapo waliowalaumu kwamba waliyachukulia kwa wepesi malalamiko ya kweli ya baadhi ya walimu, na huenda wana hoja. Mimi nilisikiliza zote nane nikikaanga mahamri, mengine yakaungua.

Kijana akapita jikoni, wakati huo ana miaka kumi na sita, akatega sikio kidogo. "Ndiyo ile ya yule dada wa daftari?"

Nilidhani amesahau. Lakini hata sasa tukikutana kituo cha basi hunipungia mkono tu. Salamu huitoa nyumbani, mlango ukishafungwa.