Kigoma hadi Dar kwa ndege: nilivyopiga hesabu mwenyewe, mpwa wangu akawahi safari

Mpwa wangu alipata nafasi ya kusoma nje, na ndege yake ya Dubai ilikuwa inaondoka Dar jioni. Kumtoa Kigoma ikawa kazi yangu, mjomba mtu. Kijana wa kukata tiketi pale Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, alitazama simu yake akasema, "Mzee, Kigoma–Dar ni saa moja na robo tu. Mkatie ya mchana, atafika na chai atakunywa."

Dada alifurahi. Mimi nilikataa, na hadi leo ushauri ule unanikera. Tiketi zilikuwa mbili tofauti: ukichelewa na ya kwanza, ya pili imekwenda na hela yake, milioni na ushee iliyotoka kwenye michikichi ya marehemu baba.

Ile saa moja na robo nilijua imetoka wapi. Nilifungua ramani ya simu, nikashika uwanja wa Kigoma, nikavuta mstari hadi Julius Nyerere: kilomita 1,080 na kidogo. (Kwa reli ni kama 1,250, njia inazunguka, na unalala ndani ya behewa.) Gawanya 1,080 kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama 860 kwa saa, unapata saa moja na robo kamili. Kumbe hesabu ya simu ni ya jeti, na tiketi yetu ilikuwa ya panga boi, ndege ya mapanga ya kuzunguka! Ndege yetu hiyo, Dash 8-400, ikikaza sana ni 650 hivi kwa saa. Nikaweka 600, nikaongeza dakika ishirini za kupaa na kushuka. Saa mbili na dakika kumi.

Nikamuuliza yule kijana, "Inapitia Tabora?" Akachungulia tena. "Eeh, mzee, inapitia."

Hapo ndipo penyewe. Tabora iko karibu kabisa kwenye mstari: kilomita 350 hivi kutoka kwetu, halafu 735 hadi Dar. Umbali hauongezeki hata kilomita ishirini. Kinachokula muda ni kushuka, kusubiri abiria na mizigo, kisha kupaa upya. Nikaandika nyuma ya risiti: dakika 55, nusu saa chini, saa moja na dakika 35. Jumla saa tatu. Nikakata ya asubuhi.

Nilimsindikiza mwenyewe. Tabora tulikaa zaidi ya ile nusu saa. Jamaa wa kiti cha mbele alikuwa anatazama saa kila dakika, shati limelowa mgongoni, naye ana ndege ya kuunganisha. Mpwa wangu alinishika mkono: "Mjomba, tutawahi?" Nikamwonyesha risiti. "Tuna saa za kutosha, mama. Kula karanga zako."

Dar usisahau kwamba sisi wa ndani tunashukia jengo la pili, na ndege za nje zinaondokea jengo la tatu. Begi lazima ulichukue, utoke nje, utafute gari. Na kama begi lina dagaa, wafungwe mara tatu, nasema kwa uzito wote.

Mpwa wangu alifika dirishani foleni bado fupi. Begi likapimwa, likapita. Dada alipopiga simu kutoka Ujiji nilimwambia mwanao yuko ndani, akapiga kigelegele hadi nikaitoa simu sikioni.