Mlio wa Stelingi na Mpira Usiovuja

Julai hii, katika asubuhi zile za Nairobi ambazo mtu hutoka nyumbani akiwa amevaa sweta juu ya sweta, gari langu lilianza kulia kila nilipoliondoa kwenye maegesho kule Buruburu. Ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, yenye pawa stelingi ya oili, yaani usukani unaosaidiwa na msukumo wa oili, na mlio wake ulikuwa mwembamba na wa kulalama: nikikanyaga mafuta ulipanda, nikiachia ulishuka, na nilipokata usukani ili kutoka kati ya magari mawili uligeuka kuwa mngurumo ambao bawabu aliusikia kutoka langoni. Siku za kwanza, nilipofika mzunguko wa City Stadium mwishoni mwa Jogoo Road, injini ilikuwa imepata joto na kelele imepungua. Kufikia wiki ya pili haikupungua tena nilipofika hapo, na usukani wenyewe ulianza kuwa mzito kwa vipindi, mzito kisha mwepesi, kana kwamba kuna mtu anaushika na kuuachia.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambako nimekuwa nikibadilishia oili ya injini kwa miaka kadhaa, ilitoa hukumu kabla boneti haijafunguliwa vizuri: pampu imekufa, na huenda reki, ule mtaimbo wenye meno unaogeuza magurudumu ya mbele, nayo imeanza kuisha, kwa hiyo nitafute shilingi elfu thelathini na tano. Fundi aliinama, akachungulia chini ya gari, akaona sakafu kavu, akasema kwamba kwa kuwa hakuna mahali panapovuja, kilichobaki ni pampu. Hoja hiyo ilininyima usingizi. Ilikuwa na sura ya kweli, lakini sikuelewa ni kwa nini pampu iliyokufa ingelia zaidi asubuhi ya baridi na kupoa jua linapopanda, na sikutaka kutoa fedha za karo ya mtoto kwa jambo ambalo sijalielewa.

Nitaeleza jinsi mfumo huu unavyofanya kazi, kwa sababu jibu lote limo humo. Pampu ya stelingi huzungushwa na mkanda wa injini. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye vibapa vyembamba vinavyotoka na kuingia vikiisukuma oili, na upande wa kutokea msukumo huweza kupita baa 60 (baa ni kipimo cha msukumo) usukani unapokatwa hadi mwisho, ilhali tairi la gari dogo halizidi baa mbili na ushei. Paipu ya upande huo ikitoboka, oili hutapakaa kote na mwenye gari hawezi kukosa kuiona. Upande wa kuingilia ni jambo tofauti kabisa. Huko oili hutoka kwenye kichupa chake, hupita katika mpira mnene uliobanwa kwa klipu tu, na pampu huivuta. Pakiwa na ufa mahali hapo, hewa ndiyo inayoingia. Hewa hiyo huchanganyika na oili na kuwa mapovu, na mapovu hayo yanapofika penye msukumo mkubwa hubanwa ghafla na kupasuka mfululizo ndani ya chuma. Huo ndio mlio. Oili ikiwa na baridi huwa nzito, pampu huivuta kwa shida zaidi, na kila ufa hupata nafasi ya kuingiza hewa zaidi. Ndiyo maana asubuhi za Julai zilikuwa mbaya kuliko adhuhuri.

Jumamosi iliyofuata nilifungua kifuniko cha kichupa injini ikiwa inanguruma taratibu, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Oili ya gari hili ni ile nyekundu ya gia za otomatiki, aina ya Dexron, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Nilichokiona hakikuwa chekundu. Kilikuwa cha rangi ya waridi iliyochafuka, chenye povu laini juu yake kama maziwa yanayokaribia kufurika sufuriani, na katikati ya povu hilo vitone vidogo vilikuwa vikichemka bila moto. Nilizima injini. Mbele ya macho yangu oili ilipanda ndani ya kichupa, karibu upana wa kidole changu cha shahada, kisha povu likaanza kufifia.

Kule kupanda ndiko kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari la namna hii akijue. Oili peke yake haibanwi kwa urahisi, lakini hewa hubanwa. Kwa hiyo injini inapofanya kazi hewa iliyomo katika paipu hubanwa na oili hushuka, na injini inapozimwa hewa hutanuka na kuisukuma oili juu. Vitabu vya ufundi vya Toyota huruhusu oili ipande milimita 5 tu. Yangu ilikuwa imepanda mara tatu ya hapo. Nilijua basi kwamba ndani mna hewa, ila sikujua inaingilia wapi.

Niliipeleka habari hiyo, pamoja na gari, kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha ufundi upande wa Ngara, ambaye baba yangu alikuwa akimwamini.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Washa tusikie.”

Hakusema neno kwa muda mrefu. Kwanza alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa pampu na mpini wake sikioni, kisha akaihamishia kwenye altaneta, kile kifaa kinachochaji betri, akiwa ameweka mikono mbali na mkanda. Kazi hii ni ya lazima, kwa kuwa beringi ya altaneta iliyochoka hulia kwa sauti inayofanana sana na ya pampu, tofauti ikiwa kwamba haijali usukani umekatwa au umenyooka. Mkanda uliolegea nao hupiga kelele, lakini kelele yake ni ya mkwaruzo, ya ghafla, na hutokea zaidi injini inapowashwa au usukani unapokatwa kwa nguvu. Kelele yangu ilitoka kwenye pampu. Nikamweleza kuwa nimeambiwa hakuna panapovuja kwa sababu sakafu ni kavu.

“Sakafu kavu haikuambii kitu,” alinijibu. “Huu mpira wa juu hautapiki, huu hunyonya. Ukiwa na tundu hautoi oili, unaingiza hewa.”

Aliniamuru nizime injini. Akafuta mpira ule kwa kitambaa kuanzia kwenye kichupa hadi kwenye pampu, akachota grisi kwa kidole na kuipaka nene kuzunguka kiungo cha chini, pale mpira unapovaa shingo ya pampu, bila kuacha hata upenyo mmoja. Nikawasha tena na kukata usukani kidogo. Mlio uliendelea kwa sekunde chache, kisha ukakatika, kama mtoto aliyepewa ziwa. Nilitoka nikasimama kando ya gari nisiamini. Baada ya dakika moja hivi ulianza kurudi polepole, na tulipotazama, grisi ilikuwa imefanya kijishimo upande wa nyuma wa kiungo, mahali ilipokuwa ikivutwa ndani.

Alipoutoa mpira, aliukunja mbele yangu kwa vidole vyake. Ncha yake ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ukoko wa ugali, yenye nyufa nyembamba zilizoonekana tu ulipokunjwa, na klipu ya springi iliyokuwa ikiubana ilikuwa imepoteza nguvu kiasi kwamba niliizungusha kwa kidole gumba. Hayo tu. Pampu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikilalamika kwa kukosa oili safi.

Mpira mpya niliununua Kirinyaga Road, na hapo nilijifunza jambo lingine. Muuzaji wa kwanza alinikatia mpira wa maji ya rejeta wenye upana uleule, na kwa macho haukuwa na tofauti. Mzee alikuwa amenionya mapema: mpira wa maji ukikaa ndani ya oili hufura na kulainika, na upande unaonyonya ukilainika hubonyea na kuziba njia, kisha mlio hurudi ukiwa mbaya kuliko mwanzo. Omba mpira wa oili, na utazame maandishi yaliyo ubavuni mwake kabla haujakatwa. Kwa kosa la aina hiyohiyo, kamwe usijazie oili ya breki kwenye stelingi, hata ukiwa njiani na huna nyingine, kwa sababu hiyo huharibu sili, yaani pete za mpira zinazozuia oili kuvuja, za mfumo mzima. Wenye Honda watumie oili ya stelingi ya Honda, na wenye magari mengi ya Ujerumani wasome kifuniko kwanza, maana baadhi hutumia oili ya kijani isiyopaswa kuchanganywa na nyekundu. Nao wanaoendesha magari kama Prius, ambayo stelingi yake ni ya umeme, hawana oili ya kujaza, na kelele yao yafaa itafutwe kwingine.

Kabla ya kufunga tulikitoa kichupa na kukisafisha, kwa kuwa chini yake mna chujio la wavu ambalo hukusanya uchafu na kuweza kuinyima pampu oili vilevile kama mpira uliobonyea. Oili ya zamani, ambayo bila povu ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyochemka mno, tuliimwaga kwenye dumu.

Kutoa hewa ndiko kulikochukua muda, na ndiko mafundi wengi wenye haraka wanakokuruka. Tuliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, tukaweka stendi imara chini ya gari, na injini ikiwa imezimwa nikazungusha usukani kutoka kulia kabisa hadi kushoto kabisa, polepole, mara ishirini, huku mzee akiongeza oili kila iliposhuka. Ukiwasha injini mapema, pampu huipiga hewa iliyosalia ikawa povu, na itakubidi usubiri saa nzima litulie. Baadaye tukawasha, nikarudia mizunguko ileile, na kila nilipofika mwisho niliachia mara moja, kwa maana kuushikilia usukani mwishoni huichemsha oili na kuichosha pampu. Ule mvumo mfupi unaosikika hapo mwisho ni wa vali ya kupunguza msukumo, na si ugonjwa.

Malipo yote, yaani mpira, klipu mbili za skrubu, lita moja ya oili na kazi ya mzee, hayakufika shilingi elfu nne. Ile gereji ya kwanza sijarudi kuilaumu, ila nasikitika nikifikiria pampu nzima ngapi hutupwa kwa hoja ya sakafu kavu, na mwenye gari akafunga pampu mpya juu ya mpira uleule mkuukuu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi yenye ukungu, nilipima tena kabla ya kwenda kazini. Niliwasha, nikakata usukani pande zote mbili, nikatia alama ya kalamu kwenye kichupa, nikazima. Oili ilikuwa nyekundu na angavu, haikuwa na povu, na ilipanda juu ya alama kwa milimita moja, pengine mbili.