Vizazi Hai 100,000

Sentensi iliyonirudisha mezani ilikuwa ukurasa wa tatu: "Katika maeneo haya, wanawake 500 kati ya kila wanawake 100,000 hufa kwa uzazi." Mhadhiri wetu wa sosholojia ya afya alikuwa amelizungushia duara jekundu lile neno "wanawake" la pili, na pembeni akaandika: "Wanawake gani?" Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, na hiyo ilikuwa insha ya muhula ya somo la masuala ya jamii na huduma za afya, kurasa 11. Hakuipa alama. Alinipa siku nne niiandike upya.

Nilikwenda ofisini kwake nikiamini kalamu imeteleza tu. Akageuza karatasi ya mwisho, upande mtupu, akaanza kuandika. "Mwanangu, chukua wanawake 100,000 wa umri wa kuzaa, miaka 15 hadi 49. Tuseme kwa mwaka kila 1,000 kati yao wanazaa watoto 150. Jumla wamezaa wangapi?" Nikajibu, 15,000. "Chanzo chako kinasema vifo 500 kwa kila vizazi hai 100,000, yaani watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai. Kwa vizazi 15,000, vifo vingapi?" Sabini na tano. Akanyamaza, akaniacha nizitazame namba mbili alizoziandika moja juu ya nyingine: 500, na chini yake 75. Kiasi, ile 500 ya juu ya sehemu, nilikinakili sawasawa. Nilichobadilisha ni asili ya sehemu, yaani kile kinachohesabiwa chini ya mstari, na kwa neno moja nikawa nimewazika wanawake karibu mara saba ya waliokufa.

Kosa hili ni la kawaida mno katika insha za afya, na linatokea kwa sababu mwandishi anabeba namba na kuacha mzigo wake njiani. Vifo vya uzazi huhesabiwa kwa vizazi hai 100,000. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka huhesabiwa kwa vizazi hai 1,000. Ukiziweka namba hizo jedwali moja bila kuandika "kwa kila ngapi, za nini", msomaji atazilinganisha, na atakosea. Ndivyo ilivyo pia kwa wagonjwa: waliougua upya ndani ya mwaka si sawa na wote wanaoishi na ugonjwa siku ya kuhesabu. Kwa VVU, dawa zikiwafikia watu, wanaoishi na virusi huweza kuongezeka hata pale maambukizi mapya yanaposhuka, kwa kuwa hawafi tena kama zamani. Anayeisoma namba moja tu ataandika kwamba hali inaharibika, kumbe anachokiona ni dawa zikifanya kazi.

Kisha akauliza: "Hii 500 ni ya mwaka gani?" Nikataja mwaka uliochapishwa kwenye jalada la ripoti. Akanifungulia kiambatisho cha nyuma, mahali ambapo sikuwahi kufika. Namba ile ilitoka kwenye utafiti wa kaya ambamo watu waliulizwa kuhusu ndugu zao wa tumbo moja: dada wangapi, wangapi wamefariki, na kama kifo kilitokea wakati wa ujauzito, wa kujifungua au muda mfupi baadaye. Kwa kuwa vifo vya aina hii ni vichache ndani ya kaya chache, watafiti hujumlisha vya miaka saba iliyotangulia utafiti ili wapate makadirio ya kutegemewa. Kwa hiyo "mwaka" wangu ulikuwa kipindi cha miaka saba, na makadirio yenyewe yalikuwa na kiwango cha chini na cha juu ambavyo nilivitupa nikabaki na cha katikati. Mimi nilikuwa nimejenga aya nzima juu yake kuonyesha kwamba sera iliyoanza miaka miwili tu kabla ya utafiti imeshindwa. Matokeo ya sera hiyo yasingeweza kuonekana waziwazi kwenye ile namba.

Siku ile nilichora daftarini jedwali la safu tano, moja kwa kila jambo ninalopaswa kuliandika kabla ya kunukuu chochote: nani alikusanya, data ni za kipindi gani (si mwaka wa chapisho), wapi, watu wangapi, na alipima nini hasa. Safu ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayookoa.

Utangulizi haukuchukua muda. Insha ilitakiwa iwe na maneno 2,500, na yangu 600 ya mwanzo yalikuwa maana ya afya kwa mujibu wa katiba ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 1948, Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, na ahadi ya Abuja ya 2001 ambapo viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga walau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililosukuma hoja yangu. Aliyapiga mstari maneno yote 600.

Kichwa nacho kilikwenda. "Matatizo ya Afya ya Mama katika Nchi Zinazoendelea" ni maktaba, haitoshei kwenye insha. Akanipa kisu cha kukatia: ucheleweshaji wa aina tatu, ule walioueleza watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili, kuchelewa kufika. Wa tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. "Chagua mmoja," akasema, "halafu niambie ni tatizo gani la uzazi, na kituo cha ngazi gani."

Nadhani nilichagua wa tatu kwa sababu ya aibu. Kwenye ukurasa wa saba nilikuwa nimeandika kwamba akina mama wengi "ni wakaidi na hawajaelimika", hivyo hujifungulia nyumbani. Chini ya "wakaidi" aliandika kwa penseli, si kwa wino mwekundu: "Nani alimuuliza?" Nilipitia vyanzo vyangu vyote 14. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemuuliza. Nilikuwa nimemhukumu mama niliyepaswa kumtetea, bila ushahidi, kwa lugha inayoonekana ya kitaaluma. Mpaka leo naliona hilo kuwa kosa zito kuliko lile la hesabu.

Swali jipya likawa hili: kwa nini mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungulia ndani ya kituo kidogo cha afya huchelewa kupata tiba, ilhali mkunga yupo? Swali lilipobanwa hivyo, vitu vya kushikika vikaanza kujitokeza. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni kati ya sababu kubwa za vifo vya uzazi duniani. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24, lakini damu iliyolowa kwenye nguo na shuka hukadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu, hivyo dakika za mwanzo hupotea kabla hata tatizo halijapewa jina. Oksitosini, sindano ya uniti 10 inayotolewa mara mtoto anapozaliwa ili mfuko wa uzazi ukaze, inapaswa kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku kadhaa, chupa hubaki na lebo ileile na nguvu ya dawa hupungua. Mkunga anachoma sindano kama alivyofundishwa, na damu haikati. Hapo suala la jamii limo ndani ya jokofu.

Kutafuta maandiko nako kulibadilika. Awali niliandika sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia na kuchukua yaliyokuja juu. Sasa niligawa swali katika dhana tatu, nikaorodhesha visawe vya kila moja, visawe nikaviunganisha kwa "OR" (au), dhana kwa dhana kwa "AND" (na), na misemo ya maneno mawili nikaifunga ndani ya alama za nukuu. Ukisahau kufunga kila kundi la visawe ndani ya mabano, utaletewa takataka maelfu.

Usiku wa mwisho nilishughulika na vitenzi. Nilikuwa nimeandika kwamba umbali "husababisha" vifo, kwa kuwa mikoa yenye vituo vichache ina vifo vingi. Lakini data za mikoa hazisemi kitu kuhusu mtu mmoja mmoja. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alilionyesha hilo kwa takwimu za Marekani: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi wanaojua kusoma, ilhali mhamiaji mmoja mmoja alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujua kusoma. Wahamiaji walikuwa wameenda kuishi kwenye majimbo yenye wasomaji. Nikafuta "husababisha" mara tisa. Mara sita nikaweka "huambatana na"; mara tatu sentensi yenyewe haikustahili kubaki.

Mapendekezo yalitoka kumi yakabaki mawili, kila moja likimtaja wa kulitekeleza: wasimamizi wa vituo, kuhusu kumbukumbu ya joto la jokofu kuandikwa mara mbili kwa siku, na wagavi wa dawa, kuhusu dawa mbadala isiyohitaji baridi. "Serikali iongeze bajeti" niliitoa, kwa sababu hakuna ukurasa wangu hata mmoja uliokuwa umechunguza bajeti.

Nilipeleka kurasa nane siku ya nne asubuhi. Alianza na jedwali la takwimu. Akaweka kidole kwenye "kwa kila vizazi hai 100,000", akakishusha kwenye kipindi cha data, kisha kwenye kiwango cha chini na cha juu, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma.