Nilivyoizunguka Mumbai kwa tumbo na miguu huku tunasubiri majibu ya hospitali

Watu wengi wa kwetu wakirudi kutoka India kwenye matibabu ukiwauliza habari za huko watakusimulia daktari, bili na joto, basi. Siwalaumu, mgonjwa ndo kilichompeleka mtu. Ila mimi nilimsindikiza mamdogo Mumbai na ukweli ni kwamba kazi kubwa ya msindikizaji ni kusubiri, vipimo vinachukuliwa leo majibu keshokutwa, daktari anaingia saa kumi, na mamdogo mwenyewe akishapewa dawa analala mchana kutwa na hataki mtu amkalie kichwani. Akanambia we nenda katembee bwana, ukikaa hapa unanitazama utaniongezea ugonjwa. Nikaenda.

Tulipanga chumba Parel. Zamani Parel na mitaa ya jirani ilikuwa ya viwanda vya nguo, vinu vilikuwa vinakesha, halafu ukaja ule mgomo mkubwa wa mwaka 1982 na viwanda vingi havikurudi tena kama vilivyokuwa, sasa hivi ni maghorofa na maduka ya kifahari na mabomba ya moshi machache yamebaki yamesimama katikati. Nayasema haya kwa sababu chakula cha barabarani cha Mumbai ukikifuatilia kimetoka kwa hawahawa wafanyakazi. Pav bhaji kwa mfano, mboga mchanganyiko za kupondwapondwa na siagi kwenye sinia kubwa la chuma, na mikate miwili midogo pembeni, kilikuwa chakula cha watu wa viwandani, mtu ana dakika chache anataka kitu cha moto kinachoshiba. Na vada pav ndo hivyohivyo, wanasema ilianza 1966 nje ya stesheni ya Dadar, wanauziwa watu wanaowahi treni. Ukiijua kachori yetu ya viazi ya Tanga basi vada umeshaijua, inawekwa tu ndani ya mkate, wanapaka chatne ya ukwaju na ya kotmiri halafu wananyunyiza unga mkavu mwekundu wa kitunguu saumu ambao ndo siri yenyewe, na pilipili nzima ya kukaanga wanakuwekea juu kama zawadi. Mimi nilikuwa nalipa rupia 20 kwa moja. Mbili ni mlo.

Sasa kuhusu tumbo, maana hili ndo swali la kwanza nililoulizwa na kila mtu nyumbani, hukuharisha? Sikuharisha, na sio kwamba nina tumbo la chuma. Nilikuwa nakula kilichotoka kwenye mafuta mbele ya macho yangu, saa ambayo wenyeji wenyewe wamejaa pale. Kibanda kimoja kikiwa na foleni saa kumi na moja jioni maana yake vada haikai, inakaangwa inaondoka. Kibanda hichohicho saa nane mchana zimejipanga kwenye trei zimepoa, sizigusi. Maji ya chupa, na kizibo unakikagua kwanza kama hakijafunguliwa. Pani puri, kile kiduara kidogo cha unga kilichokaangwa kikawa tupu ndani, nilijinyima mwanzoni, kwa sababu kinatumbukizwa kwenye maji ya ukwaju na mnanaa kwa mkono wa muuzaji, mpaka nikapata duka moja wameandika kabisa wanatumia maji ya chupa na jamaa kavaa glavu, hapo nikala mpaka mwenye duka akacheka. Na dawa za chumvi za kuchanganya na maji nilikuwa nazo kwenye begi muda wote, hazina gharama, chukua.

Pilipili ni vita nyingine. Jifunze kusema "kam teekha", pilipili kidogo, ila kidogo yao na kidogo yetu ni nchi mbili tofauti.

Mamdogo yeye alikuwa hawezi mafuta. Nilikuwa namletea idli asubuhi, mchele na dengu vilivyosagwa vikachachuka vikapikwa kwa mvuke, laini, haina mafuta kabisa, na sambar, mchuzi wa dengu, namuwekea pembeni aonje akitaka. Kama una mgonjwa huko nakushauri utafute migahawa ya watu wa India Kusini mapema, imejaa Mumbai, ukichelewa utajikuta unamlisha mgonjwa biskuti.

Usafiri ni treni za mjini, hakuna kingine. Tiketi ya daraja la pili inaanzia rupia 5, bei ambayo ukiiwaza unaona kama wamekosea. Mimi kwa kuwa mwanamke nilikuwa napanda behewa la wanawake, angalia alama kwenye plafomu linaposimama, na ni soko ndani ya soko, wanapita akina mama wanauza vibanio, hereni, mpaka wembe wa kumenyea viazi. Cha kuzingatia ni saa tu. Asubuhi watu wote wanashuka kusini kazini, jioni wote wanapanda kaskazini kurudi, ukiingia humo saa hizo utashuka stesheni ambayo watu wameamua ushuke sio uliyotaka wewe. Nilikuwa naondoka saa nne na nusu asubuhi nikitokea Prabhadevi, unapita Mahalaxmi ambako ukikaa upande sahihi unaona wale madobi na nguo zao zimeanikwa eneo zima, halafu Mumbai Central, halafu Grant Road nashuka.

Grant Road upande wa mashariki unatembea kwa miguu mpaka Chor Bazaar. Kwa jina lenyewe ni soko la wezi na utani wa mjini ni kwamba ukiibiwa kitu nenda kakinunue pale. Sehemu ya vitu vya kale hasa ni Mutton Street, na Ijumaa usiende kwa ajili ya hayo, maduka yale yanafungwa, Ijumaa kuna soko jingine la chini la alfajiri, viatu, simu, mabisibisi, nguo za mtumba, zuri pia ila ni jambo lingine na ushike pochi yako. Mtaa wa jirani wanauza vipuri vya magari, kwa hiyo unaanza kusikia nyundo kabla hujaona chochote.

Vitu vilivyoko pale sijui nianzie wapi. Saa za ukutani, madirisha ya duara ya meli, taa za meli, dira, maana meli zinazokatwakatwa Alang kule Gujarat na pale Mumbai kwenyewe Darukhana vifaa vyake vinaishia humu. Kamera za zamani, vishikio vya milango, mataa ya kioo ya kuning'inia, mabango ya filamu za Kihindi ambazo mama zetu walizililia pale sinema za Tanga mjini. Magramafoni yenye ule mdomo mkubwa wa shaba yanang'aa kila duka, na hapo ndo pa kushtuka, kitu cha kale kweli kinakuwaje kingi hivyo na vyote vinafanana?

Mimi nilikuwa na shida maalumu. Bibi yetu aliacha kasha, lile la mbao zito lenye misumari ya shaba, na makasha mengi ya pwani yetu kwa asili yalitokea hukohuko India, Surat na Bombay, yakija na majahazi. La bibi limepoteza komeo, ile bapa ya shaba inayoning'inia kwenye kifuniko yenye tundu la kupitisha kufuli. Mamdogo ndo amerithi kasha na kabla hatujasafiri alilichora komeo lilivyokaa kwenye karatasi, kivuli chake kimebaki kwenye mbao, na matundu ya misumari yote, mimi nikapiga na picha. Hii karatasi ilinisaidia kuliko kitu chochote. Ukiingia duka la vitu vya kale unasema "natazama tu" wewe ni mtalii, utaletewa gramafoni. Ukiingia na karatasi ya vipimo wewe ni mtu mwenye kazi, wanaanza kufungua madroo.

Duka la kwanza jamaa akanitolea komeo, zuri kweli, limepauka, lina kutu ya kijani, akasema dada hili lina miaka mia mbili, la nyumba ya mfalme fulani, rupia 6,000. Sasa hapa sikilizeni kwa makini wenye mpango wa kwenda. India wana sheria ya mwaka 1972 ya vitu vya kale, kitu chenye umri wa miaka 100 na kuendelea hakitoki nchini na mtu binafsi, na maandiko ya kale hata miaka 75 yanatosha. Ukiwa na kitu kinachofanana na cha kale wanaweza kukutaka cheti cha Archaeological Survey of India, idara yao ya mambo ya kale, kwamba sio cha kale. Kwa hiyo yule jamaa akikuapia kina miaka mia mbili, kuna mawili tu. Au anakudanganya na unalipia uongo, au anasema kweli na huwezi kupanda nacho ndege. Kwa msafiri hakuna hasara kubwa kama muuzaji mkweli wa kitu cha kale! Nikamrudishia na asante.

Tangu hapo nikawa natafuta mtu atakayenambia kitu chake ni kipya. Ni wachache jamani. Nilikuwa naingia dukani naonesha sarafu moja kwenye bakuli, zile zenye Hanuman au Rama upande mmoja na jina la East India, ile kampuni ya biashara ya Waingereza, upande wa pili, nyingine zimeandikwa 1616 nyingine 1818, namuuliza hii ni ya kweli? Hizo zinajulikana, ni za kutengeneza, kampuni yenyewe haikupiga sarafu za namna ile. Akinambia ya kweli kabisa dada, naaga. Kuna mzee mmoja, duka lake jembamba hata kugeuka shida, akaitazama ile sarafu akanitazama mimi akasema hii ya watoto, chukua bure. Nikavuta kigoda.

Tukaagiza chai, ile nusu glasi wanayoiita cutting, mtoto anazungusha glasi kwenye kishikio cha waya duka kwa duka. Nikawa namwita chacha, yaani baba mdogo, yeye ananiita beti, binti, akaniuliza Tanga iko karibu na Zanzibar? Nikamwambia asubuhi ikitulia unaiona Pemba kwa mawazo. Akatandika karatasi yangu, akatoa box la makomeo akawa anayapima moja moja, na ndo akanifundisha kuangalia. Shaba mpya ya Moradabad, ndo mji wao wa wafua shaba, inapakwa dawa iwe ya kijani, lakini ile kijani inakaa kila mahali sawasawa, hadi sehemu ambayo mkono ungepita kila siku. Kitu kilichotumika kweli kimelika pale kidole kinaposhika, na kona zake zimekuwa butu. Ukigeuza nyuma unaona alama za tupa. Skrubu zenye kichwa cha msalaba kwenye kitu cha "karne ya kumi na nane" hizo hata hazihitaji maelezo.

Mwisho akanipa moja karibu sawa na mchoro, akasema hii ya Moradabad, mpya, sikudanganyi, nimeichakaza mimi mwenyewe nyuma huko. Alianza 1,500 tukamalizana 900. Risiti akaandika kwa Kiingereza kwamba ni pambo jipya la shaba, na mhuri wa duka. Taslimu, na muwe na noti ndogondogo kwa sababu mji mzima unalipa kwa kuskani simu na mgeni asiye na akaunti ya kule anabaki anatoa noti ya 500 kwa chai ya rupia 10, watu wanakukunjia uso.

Jioni zangu nilizigawa kati ya sehemu mbili. Mohammed Ali Road iko jirani na soko, karibu na msikiti wa Minara, kebabu za mkaa, nalli nihari, mchuzi wa nyama wenye uboho wa mfupa, phirni, ule uji mtamu wa mchele na maziwa, kwenye vibakuli vya udongo, halali bila kuuliza, na Ramadhani wanasema hapalali mpaka daku. Ukikatiza Bhendi Bazaar unapishana na Mabohora na kofia zao nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, kabisa kama wale wa kwetu, na maghorofa mapya yanaota juu ya vichwa vyao kwa sababu mtaa mzima unajengwa upya. Nadhani watu wanaotaka kuuona ule wa zamani wawahi. Sehemu ya pili ni Kyani, mgahawa wa Wairani uliopo tangu 1904 karibu na stesheni ya Marine Lines, viti vya mbao vya kizee, bun maska na chai. Mkate, siagi, chai. Nilikuwa naweza kukaa pale na simu yangu nikisubiri ujumbe wa hospitali na hakuna aliyeniharakisha, ila ukienda saa ya watu wengi utaharakishwa.

Chowpatty, ule ufukwe wa Girgaon, nilienda kula bhel, bisi za mchele zilizochanganywa na chatne, jua likizama. Bhel tamu, ufukwe wa kawaida, mtu wa Raskazone kwetu Tanga hawezi kushangaa.

Siku ya kuondoka komeo nililiweka kwenye begi la mkononi pamoja na risiti, kwa makusudi, nisije nikaulizwa wakati begi kubwa limeshaenda. Ofisa akalitoa, akaligeuza, akasoma risiti, akauliza unakwenda kufungia nini, mamdogo akadakia kwa Kiingereza chake akamwambia siri zangu. Tukapita. Nyumbani fundi ilibidi azibe tundu moja na kutoboa jingine, hayakulingana yote. Kufuli nilitaka niagize la shaba la kizee lifanane, mamdogo akagoma, kasema hela imeshatumika ya kutosha, la Ngamiani hapahapa Tanga linatosha.