Kuhara ambako hakukuwa kuhara

Ulikuwa mwaka wa pili tangu chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, iliyojaa makaa iniangukie kwenye mteremko wa Kibati, karibu na Goma. Uti wangu wa mgongo uliumia juu, kifuani. Kuanzia chuchu kwenda chini sihisi kitu.

Jumatatu hiyo shuka lililowa. Maji matupu. Mama akasema tumbo limeharibika, akaniondolea lengalenga (mchicha), maharagwe na avoka, akanipa wali mweupe na chai ya rangi. Maji nikayapunguza mwenyewe, eti nikinywa kidogo kitatoka kidogo. Nikamtuma mdogo wangu Birere, akarudi na vidonge vya kufunga tumbo. Nikameza viwili. Upumbavu huo ni wangu, simsingizii mtu.

Alhamisi alfajiri kichwa kikagonga kama nyundo. Jasho lilinitiririka usoni, miguu ikiwa baridi, vinyweleo vimesimama. Mama akawaza malaria, akamwita jirani yetu, muuguzi mstaafu. Sisi humwita Papa Muganga, ingawa hana mizizi wala hirizi.

Akapima presha: 170 kwa 100. Yangu ya kila siku ni 95 kwa 60.

“Mama, mumukalishe. Asilale.”

Alianza na mpira wa mkojo, asije akakuta umejipinda. Ulipitisha vizuri. Basi ni haja kubwa iliyoziba ndiyo inayopandisha presha, akasema. Akavaa glavu, akapaka jeli ya ganzi, akangoja dakika chache, maana kuchokoa kwa pupa kungeipandisha presha zaidi. Mama akatoka nje bila kuambiwa. Nilitazama ukuta.

Vilivyotoka vilikuwa vigumu kama mawe ya volkano ya Nyiragongo, kimoja kimoja. Yale maji ya siku tatu yalikuwa yakipenya pembeni mwa kifusi. Nilikuwa nimeziba, nami nikajiongezea kizibo! Papa Muganga hajavua glavu, kichwa kikatulia.

Ndiye aliyenifundisha kufuata saa. Asubuhi nakunywa uji, nangoja dakika 20 au 30, kwani tumbo likipokea chakula ndipo utumbo mpana huamka. Kisha nalalia ubavu wa kushoto, na kidole chenye glavu na mafuta kinazungushwa taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Mboga nile, alisema, lakini si mlima, na maji yaziandame.

Lengalenga ilirudi kwenye sahani yangu jioni ileile. Vidonge vilivyobaki mdogo wangu alivitupa chooni bila kutumwa.