Siku 14 za dhamana

Sheria ya Ajira ya 2007 ina kifungu ambacho wafanyakazi wengi hapa Nairobi hukisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamefutwa. Kifungu cha 44(4)(f) kinampa mwajiri sababu ya kumfuta mtu papo hapo ikiwa amekamatwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo, na siku 14 zikapita kabla hajaachiliwa kwa dhamana, kwa bondi au kwa njia nyingine halali. Hakuna panaposema lazima awe amepatikana na hatia. Kwa hiyo kiwango cha pesa anachotaja hakimu wa Makadara au Kibera ndicho kinachoamua kama mlinzi wa usiku atarudi kwenye zamu yake, na hata shahidi wa kwanza hajasikizwa. Kibarua wa mjengo hata siku 14 hana. Kesho yake asubuhi kuna mwingine ameshika koleo lake.

Tuanze na saa 24 ambazo polisi wanapewa kumfikisha mshukiwa mahakamani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinazihesabu tangu mtu alipokamatwa. Zile saa tatu alizozungushwa ndani ya gari la polisi kabla ya kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, zimo ndani. Ndugu wa mshukiwa aandike saa na mahali alipokamatwa, kisha aombe nambari ya OB.

Kuna mwanya, na unajulikana vizuri. Saa 24 zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa zake zinaisha Ijumaa saa kumi na mbili, kwa hiyo anaweza kulala seli hadi Jumatatu. Ikiwa ni Alhamisi ya kabla ya Pasaka, ni hadi Jumanne. Lakini kifungu hicho hicho kinataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia pale pale kituoni, isipokuwa kwa mauaji, uhaini, wizi wa mabavu, jaribio la wizi wa mabavu na makosa yanayohusiana nayo. Anayemfungia mtu wikendi nzima kwa ugomvi wa baa amechagua kufanya hivyo.

Bondi ya polisi ni bure. Mshukiwa anatia sahihi kwamba atafika siku aliyoambiwa, basi. Dhamana ya pesa taslimu ni kitu kingine, nayo ina risiti rasmi yenye jina la aliyelipa na kiasi alicholipa. Pesa isiyo na risiti ni hongo, hata ikiitwa dhamana.

Kipengele ninachokiona kinapuuzwa kuliko vyote ni 49(2) cha Katiba: mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kuzua rabsha chini ya kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ni miezi sita. Ulevi na fujo barabarani, kwa sheria ya vileo ya 2010, ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Bado kuna watu wanaopanda basi la magereza kwenda gereza la Industrial Area kwa makosa haya kwa sababu walikosa elfu chache. Asiye na wakili anaweza kuinua mkono na kukitaja kifungu hicho mwenyewe, kwa Kiswahili.

Kwa makosa makubwa zaidi, agizo huwa na sura hii: bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au taslimu 50,000. Familia husikia "mdhamini" ikadhani imepata nafuu, kisha hatimiliki ambayo mdhamini anapaswa kuiweka mahakamani ikakwama. Shamba liko nyumbani, lakini hati ina jina la babu aliyefariki na urithi haujagawanywa, haikubaliki. Hati ya ndugu wawili inahitaji wote wawili. Gari linalolipiwa mkopo limesajiliwa pamoja na jina la benki, halikubaliki pia. Hata hati safi inahitaji utafutaji rasmi kwenye usajili wa ardhi, ambao kwa viwanja vingi vya Nairobi hupitia Ardhisasa (mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni), ripoti ya mthamini anayelipwa na familia, kitambulisho, picha na kiapo cha mdhamini, kisha mahakama imhoji. Hapo siku zinayoyoma, na mwajiri anahesabu.

Ndiyo maana hakimu anapaswa kuambiwa kipato kabla hajataja kiasi. Anayelipwa 15,000 kwa mwezi aseme hivyo, ataje anapoishi, miaka aliyokaa hapo na anaowalisha. Anaweza kuomba ripoti ya afisa wa probesheni, au kuachiliwa kwa bondi yake mwenyewe bila mdhamini. Kiasi kikishatajwa bado kinaweza kupunguzwa na mahakama hiyo hiyo, au na Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Pesa zikilipwa, aliyelipa ahifadhi risiti, maana kesi ikiisha zinarudishwa kwa jina lililo juu yake. Mchango wa chama ulipwe kwa jina la mtu atakayepatikana miaka miwili baadaye.

Wengine hukiri kosa ili warudi nyumbani, kwa kuwa faini ni ndogo kuliko dhamana. Ninawaelewa, lakini hasara yake hujitokeza baadaye, alama za vidole zinapotafutwa kwa ajili ya cheti cha mwenendo mwema na hatia ikaonekana.

Najua hasira ya mama aliyeumizwa anapokutana na aliyemuumiza dukani wiki hiyo hiyo. Haina kosa, na sheria inaitambua: Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wake na wa familia yake uzingatiwe dhamana inapotolewa. Aende kwa mwendesha mashtaka na vitisho alivyotumiwa, ili mshtakiwa akatazwe kukaribia mtaa wake, au anyimwe dhamana kabisa kukiwa na sababu nzito. Kiasi kikubwa hakimlindi: mwenye pesa atalipa na kurudi mtaani, asiye nazo atabaki ndani hata kama hakuwahi kumtisha mtu.

Kuhusu kazi, familia isingoje siku ya 14. Siku ya pili mtu apeleke kwa mwajiri barua yenye nambari ya OB au ya kesi na tarehe ya kutajwa, akae na nakala iliyopigwa muhuri. Siku zikipita, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira bado kinamtaka mwajiri amsikize mfanyakazi, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla ya kumfuta. Akifutwa bila hilo, ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na nakala ile yenye muhuri ndiyo ya kwanza kuwekwa mezani.